Msanifu Majengo si Mchora Ramani Tu

Mwalimu au mtumishi wa ofisi anapofanikiwa kupata kiwanja, jambo la kwanza analoshauriwa na jirani zake ni kutafuta "mchora ramani". Humpata upesi na kwa bei nafuu. Baada ya siku chache hukabidhiwa karatasi yenye vyumba vitatu, sebule na baraza, ambayo jana yake ilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, mwenye kiwanja cha umbo jingine kinachoelekea upande mwingine. Karatasi hupelekwa halmashauri, hugongwa muhuri, na msingi huchimbwa. Nyumba hiyo hujengwa kwa miaka mingi, tofali kwa tofali, kwa akiba ya mshahara na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Siku mwenyewe anapohamia ndipo anapogundua kwamba chumba chake cha kulala kinapigwa na jua la alasiri, na kwamba ukuta uliokuwa ukichemka tangu mchana huanza kutoa joto lake usiku, wakati watoto wanapotaka usingizi.

Hapana aliyemdanganya mtu huyo. Alinunua uchoraji, akapewa uchoraji. Kosa limo katika dhana iliyoenea mno, hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba usanifu wa majengo ni kazi ya kalamu na rula, na kwamba anayeijua rula vizuri ndiye msanifu.

Ukweli ni kwamba kuchora ni sehemu ndogo ya fani hiyo, kama vile kuandika kwa hati nzuri kulivyo sehemu ndogo ya ualimu. Mwanafunzi wa usanifu hutumia muda wake mwingi katika studio akitafuta jibu la swali moja: watu hawa, mahali hapa, kwa fedha hizi, wakae vipi? Kila jibu hulitetea mbele ya walimu wake, na mara nyingi huambiwa akaanze upya. Ili aweze kujibu hujifunza mwendo wa jua na wa pepo, tabia ya udongo, mbao, saruji na bati, historia ya makazi, sheria za ujenzi, na bei za vitu. Akihitimu, bado haruhusiwi kujiita msanifu. Hufanya kazi kwanza chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha hupimwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida ya elimu hiyo. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo. Asubuhi na jioni jua huwa chini, na hupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Nyumba iliyolazwa ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, huku kuta fupi zikikabili maawio na machweo, hupata joto dogo kuliko nyumba ile ile iliyogeuzwa kinyume. Matofali ni yale yale na mabati ni yale yale. Tofauti imo katika namna kamba za msingi zilivyovutwa.

Wajenzi wa zamani wa pwani waliyajua mengi katika hayo bila ya kupewa shahada na mtu yeyote. Katika Mji Mkongwe wa Unguja upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na vichochoro vyembamba vililinda kuta zisichomwe na jua. Nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi unaopita katikati ya vyumba, na uani nyuma, ilipitisha upepo na pia ilitenga vizuri mahali pa mgeni na mahali pa jamaa. Leo ukumbi huo umezibwa kwa milango ya vioo, na uani umegeuzwa kuwa vyumba vya kupangisha. Huo huitwa maendeleo.

Kwa muda mrefu Mtanzania aliyetaka kuisomea fani hii ilimbidi avuke mpaka. Katika mgawanyo wa masomo wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki miaka ya 1960, sheria ilifundishwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, na usanifu wa majengo Nairobi. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika nchini, alisomea Israel. Hapa nyumbani, shule ya wapima ardhi iliyoanzishwa mwaka 1956 ilikua ikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na Chuo Kikuu cha Ardhi mwaka 2007.

Amuli huyo ndiye aliyesanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege, mfano wa miavuli mikubwa iliyopinduliwa, liliyapokea maji ya mvua na kuyateremsha chini, huku hewa na mwanga vikipita juu ya vichwa vya wauzaji na wanunuzi. Moto uliliunguza soko hilo Julai 2021, na huzuni ya wakazi wa jiji siku zile haikuwa ya bidhaa peke yake. Lilikuwa jengo la umma lililofikiriwa kwa ajili ya mtu aliyekuja kununua mchicha.

Sheria nayo imeitambua kazi hii. Sheria ya mwaka 1997, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya mwaka 2010, iliunda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mipaka yake ni wazi kwa anayetaka kuiona. Msanifu huamua jengo liweje na litumikeje, mhandisi huhakikisha kwamba litasimama, mkadiriaji hupima gharama, na mkandarasi hujenga. Matatizo huanza pale mtu mmoja mwenye kompyuta anapojitwika kazi zote nne, au mwenye jengo anapoamua kwamba yeye mwenyewe anatosha. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, swali la kwanza katika kila kinywa lilikuwa nani alisanifu, nani alikokotoa na nani alisimamia. Swali hilo hufaa zaidi likiulizwa kabla ya zege kumwagwa.

Lakini jambo linalowagusa walimu zaidi ni darasa. Kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, kati ya mwaka 2021 na 2022 nchi ilijenga vyumba vya madarasa 15,000. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya kupongezwa, kwani watoto waliokuwa wakikaa chini ya miti walipata paa. Ujenzi wa namna hiyo hutegemea ramani za mfano, na ramani za mfano si mbaya, maana huokoa muda na fedha. Ila Njombe yenye baridi kali ya Julai, Dodoma yenye ukavu na Bukoba yenye mvua si mahali pamoja. Ramani ya mfano inahitaji mtu wa kuitafsiri mahali inapofikia. Asipokuwapo, jengo hulazwa kufuata barabara, na mwalimu wa kipindi cha alasiri huhamisha madawati ili kulikimbia jua. Paa lisilo na dari nalo hunyamazisha somo zima mvua inaponyesha, na hakuna mkaguzi anayeandika hasara hiyo popote.

Wasanifu wenyewe hawana budi kubeba lawama yao. Wengi wamejirundika Dar es Salaam, wakishindania majengo ya vioo ambayo bila viyoyozi hayakaliki, ilhali halmashauri nyingi zina mhandisi na afisa mipango miji lakini hazina msanifu hata mmoja. Halmashauri nazo husema hazina fedha za cheo hicho, ingawa zinazo za kurudia paa lililong'olewa na upepo. Vyuo navyo vingeweza kuwapeleka wanafunzi kufanya mazoezi yao ya vitendo wilayani, kwenye shule, zahanati na nyumba za walimu, badala ya kuwarundika wote katika ofisi za mjini ambako huishia kunakili milango na madirisha.

Msanifu mmoja katika wilaya hatajenga kila nyumba, wala hatakiwi kufanya hivyo. Angetosha kupita kwenye viwanja vya shule pamoja na mkuu wa shule na fundi, akatazama jua linachomoza wapi na maji ya mvua yanaelekea wapi, kisha akaamuru kamba zigeuzwe. Kazi hiyo hufanywa kabla ya msingi kuchimbwa, jengo likiwa bado ni kamba na vigingi, na huchukua asubuhi moja.