Damu ya Mjenzi Si Maji ya Simenti

Wandugu wafanyakazi wa migodini na wa mjini,

Tembeeni Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, muinue macho. Nyumba za orofa zinapanda, nasi tunafurahi kuona miji yetu ikijengwa. Lakini tazameni pia kile wanachosimamia wajenzi: miti myembamba iliyofungwa kwa kamba, ubao mmoja juu yake, na hakuna kizuizi cha kushikilia. Mvua ikinyesha, udongo chini ya miti unakuwa matope. Asubuhi kapita anapiga kelele: «Pandeni!» Hakuna aliyekagua kitu.

Mtu akianguka, tunaambiwa maneno matatu. La kwanza: ni mapenzi ya Mungu. La pili: alikuwa amelewa. La tatu: si mfanyakazi wetu, ni mtu wa siku tu.

Tunayajibu yote. Mungu hakufunga ile kamba. Aliyeifunga ni mtu, na aliyekataa kununua mbao ni mtu, tena mwenye mfuko. Ulevi nao tunaukataa kazini, lakini jukwaa bovu humwangusha hata asiyeonja pombe maisha yake yote.

Neno la tatu ndilo baya kupita yote. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema wazi: mtu wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba usio na mwisho. Ndiyo sababu kuna mabwana wasioandika jina la mtu popote. Jina lisipoandikwa, mchango wake haufiki CNSS. Siku anapovunjika kiuno anapewa pesa ya teksi, na mke wake anauza sufuria kwa kulipa hospitali.

Ninyi wa migodini mnajua. Chini ya udongo, mwenye akili haingii mahali ambapo dari haijategemezwa. Kwa nini basi mtoto wenu apande juu bila kitu cha kumshika?

Hatuombi jambo geni. Tangu 1937 Shirika la Kazi la Kimataifa liliandika kwamba jukwaa lijengwe na watu wanaojua kazi hiyo, chini ya mkubwa anayewajibika, likaguliwe, na liwe na vizuizi. Mkoloni aliondoka 30 Juni 1960. Leo bwana wa shantye mara nyingi ni ndugu yetu mwenyewe. Je, shingo ya Mkongomani imekuwa rahisi zaidi mikononi mwa Mkongomani?

Tunataka haya:

Jina la kila mjenzi liandikwe siku ya kwanza, na mchango wake ulipwe.

Jukwaa likaguliwe kabla ya kazi, na tena kila baada ya mvua kubwa.

Mbao ziwe nzima, na kila jukwaa liwe na kizuizi.

Wakaguzi wa kazi watoke ofisini waje shantye, wapande wao wenyewe.

Mjenzi, kapita akisema «Panda», muulize kwanza: nani amekagua? Mkiuliza mmoja mmoja, atawafukuza. Mkiuliza wote pamoja, atakwenda kutafuta mbao.