Hilux Haifi? Uliza Injini Kwanza

"Bwana shamba, ninunue Hilux ya mtumba?" Vijana mnaniuliza sana hili baada ya mavuno. Sifa ya Toyota si ya uongo, ila ilijengwa na injini za zamani kama 3L, zinazovumilia hata dizeli ya madumu. D-4D ni habari nyingine: nozeli zake zinataka dizeli safi, uchafu kidogo tu unalia. Hata kule Australia, wenye Hilux za dizeli zilizouzwa 2015 hadi 2020 walikwenda mahakamani kwa shida ya chujio la moshi, na 2022 wakashinda. Sasa wewe umwage hela yote ya vitunguu kwa sababu ya nembo? Nenda na fundi wa pampu, ingia chini ukague kutu kwenye chesisi. Dalali akianza kununa, ondokeni.