Metro ije, lakini tramu iachwe

Juzi tulibishana kazini hadi chai ikapoa. Mwenzangu wa dawati la biashara alikuwa anawapongeza watu wa Kolkata, kule India, kwa kuamua kung'oa tramu zao. "Wana treni ya chini ya ardhi, ya nini tena makopo ya mkoloni?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwa asiyezijua, tramu ni mabehewa ya umeme yanayopita kwenye reli zilizolazwa barabarani, pamoja na magari. Kolkata ilianza nazo mwaka 1873 zikivutwa na farasi, zikatiwa umeme mwaka 1902. Septemba 2024 serikali ya jimbo la West Bengal ikatangaza kuzifuta, ibaki njia moja fupi kati ya Esplanade na Maidan kama kumbukumbu. Sababu? Eti zinaleta foleni, na barabara ni kama asilimia 6 tu ya eneo la jiji.

Haya, tuipime hoja hiyo. Kama barabara hazitoshi, nani aanze kutoka? Chombo kinachobeba makumi ya watu bila moshi, au gari la mtu mmoja na kiyoyozi chake? Isitoshe, zamani sehemu kadhaa za reli hizo zilitengwa, magari hayaingii. Baadaye zikasakafiwa na magari yakaruhusiwa humo humo. Tramu ikakwama kwenye foleni ya magari, kisha ikaambiwa yenyewe ndiyo foleni! Umfunge mtu miguu halafu umlaumu kwamba anachelewa?

Hoja ya pili ni kwamba metro inatosha. Sina ugomvi na metro. Ile ya Kolkata ilikuwa ya kwanza India: jiwe la msingi 1972, treni ya kwanza 1984. Machi 2024 wakafungua njia inayopita chini ya Mto Hooghly. Safi sana. Lakini metro ni ya kwenda mbali. Mama mwenye kapu la mboga anayekwenda mitaa mitatu mbele hahitaji kushuka ngazi, kupanga foleni na kupanda ngazi tena. Tramu inamkuta pale pale barabarani, kwa nauli ndogo.

Na msiseme nauli ni jambo dogo. Mwaka 1953 kampuni ya tramu, iliyokuwa ya Waingereza, iliongeza paisa moja tu daraja la pili. Wananchi wakaingia mitaani, nyongeza ikafutwa. Paisa moja!

Tusidanganyane pia kwamba kung'oa ndiyo usasa. Paris ilizing'oa zake miaka ya 1930. Mwaka 1992 tramu zikarudi kwenye vitongoji vyake, ingawa metro ipo. London ilizifuta 1952, zikarudi Croydon mwaka 2000. Yaani miji hiyo imelipa mara mbili. Melbourne haikuzing'oa. Iliendelea kununua tramu mpya hata ilipokuwa inachimba handaki la treni lililofunguliwa mwishoni mwa 2025.

Nakubali, tramu za Kolkata zimechoka. Lakini hazikuchoka zenyewe, zimechoshwa kwa kutotunzwa. Dawa yake inajulikana: mabehewa mapya, njia iliyotengwa, kituo cha tramu mlangoni mwa kituo cha metro, na tiketi moja ya kupandia vyote viwili. Ukilinganisha na gharama ya kuchimba handaki, hiyo ni hela ya chai.

Wapo wakazi waliokwenda Mahakama Kuu ya Calcutta kuzitetea tramu zao. Mwenzangu anawaita watu wa kumbukumbu za zamani. Mimi nawaona ndio waliosoma hesabu. Reli ipo, nyaya zipo, abiria wapo. Anayetupa vyote hivyo ndiye atueleze, siyo anayetaka kuvitengeneza.

Naomba kutoa hoja.