Wivu wa Mapenzi Si Ushahidi

Mtu akiuawa mjini Mpanda, mara nyingi mitaa ya Makanyagio na Kawajense humtaja muuaji kabla polisi hawajamaliza kukusanya vielelezo: ni mpenzi wa zamani wa marehemu. Kwa maoni yangu, uhusiano wa zamani ni mahali pa kuanzia upelelezi, si mahali pa kuumalizia.

Kwanza, Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Pili, wivu unaweza kueleza sababu ya kuua, lakini hauonyeshi aliyeua. Hilo huthibitishwa na mashahidi, vielelezo na ripoti ya daktari.

Tatu, makosa hayalingani. Msanii Steven Kanumba alipofariki Dar es Salaam Aprili 2012, mpenzi wake, Elizabeth Michael, alishtakiwa kwanza kwa mauaji, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka miwili.

Wapo wanaosema maneno ya mtaani huwasaidia polisi. Ni kweli, yakipelekwa kituoni. Yakibaki kijiweni, huleta kundi lenye mawe mlangoni kwa mtu asiye na hatia, huku muuaji akipanda treni ya Tabora bila wasiwasi.

Hivyo basi, mtahiniwa, utawala wa sheria si swali la Uraia tu. Ukijua jambo, litoe kwa polisi. Ukiwa unadhani tu, nyamaza.