Sentimita Mbili Zilizopungua

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alitujia ofisini baba mmoja kijana, na mkononi alikuwa na kadi ya kliniki ya binti yake. Mtoto ametimiza mwaka mmoja, na urefu wake ni sentimita 72. Baba amesikia kwamba wastani wa mtoto wa kike wa umri huo ni sentimita 74. Sentimita hizo mbili zilikwisha kuleta fitina nyumbani: bibi wa mtoto anasema maziwa ya mkwewe ni mepesi, mama mtu hali wala halali, na shauri tuliloletewa ni kama mtoto aachishwe ziwa, apewe maziwa ya ng'ombe.

Sisi si matabibu. Lakini ugomvi huu umejengwa juu ya neno moja, wastani, na neno hilo tunaweza kulizungumza, wazazi wenzetu, kwani limezifitini nyumba nyingi.

Sentimita 74 hazikutoka hewani. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, nazo ni Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wenye afya, walionyonyeshwa na kutunzwa vema, na vipimo vikatangazwa mwaka 2006. Pamoja na malezi mema hayo, watoto hawakulingana. Wengi walikusanyika karibu na katikati, kisha wakazidi kuwa wachache kila upande kadiri mtu anavyosogea mbali, hata mchoro wake ukawa na umbo la kengele. Wasichana wa mwaka mmoja, karibu wawili katika kila watatu, huwa baina ya sentimita 71.4 na 76.6. Tisini na tano katika kila mia huwa baina ya 68.9 na 79.2. Na nusu yao, wote wazima wa afya, wako chini ya 74. Hilo ndilo alilokuwa hajaambiwa baba yule.

Kwa nini kengele? Chukua sarafu kumi, uzitupe mezani pamoja. Ziko njia 1,024 za kuanguka. Njia moja tu hutoa vichwa kumi. Njia 252 hutoa vichwa vitano. Urefu wa mtoto nao ni jumla ya mambo mengi madogo: kimo cha baba, kimo cha mama, na hivyo walivyorithi kwa mababu, chakula, homa za hapa na pale. Ni nadra yote yavute upande mmoja, na ni nadra vilevile yasawazike kabisa. (Baba mwenyewe, Mwenyezi Mungu ambariki, anatufikia begani.)

Si kila kitu hufuata kengele. Mapato ya watu hayafuati, wala michango ya msikiti: mfadhili mmoja akitoa milioni, wastani wa daftari letu hupanda, ilhali waliobaki wametoa elfu mbili mbili.

Wanafalaki waliizoea kengele hii kabla ya matabibu, kwa kuwa vipimo vya nyota vilivyorudiwa mara nyingi hutawanyika hivyo hivyo. Mwanafalaki wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, akaipeleka kwenye miili ya wanadamu, na katika kitabu chake cha mwaka 1835 akamfanya mtu wa wastani kuwa ndiye kielelezo, na wengine kana kwamba ni makosa ya kipimo. Hapo ndipo alipoteleza, na ndipo anapoteleza bibi yetu. Nyota ina mahali pake pamoja pa kweli. Watoto hawana kimo kimoja cha kweli ambacho wote wamekikosea.

Lakini tusieleweke kwamba kadi haina maana. Aliye chini ya 68.9 apelekwe kuchunguzwa, na asiambiwe tu kwamba ndilo umbile la ukoo. Hata mtoto mrefu, mstari wake ukilala au kushuka miezi miwili mitatu, hilo ni jambo la kumuuliza muuguzi siku hiyo hiyo. Kinachoangaliwa ni njia ya mtoto mwenyewe.

Basi tukaifunua kadi pamoja. Nukta za mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili zimepanda bila kuyumba, sambamba na mstari wa katikati, chini yake kidogo. Tukamwambia mama aendelee kunyonyesha. Miaka miwili kamili ni jambo ambalo nyumba ya Kiislamu haihitaji kuelezwa na sisi. Na kliniki ya mwezi ujao wasiikose.

Baba aliikunja kadi, akanyamaza kidogo, kisha akatuomba twende tukamweleze mama yake, maana yeye hatasikilizwa. Tumekubaliana Jumapili, baada ya Alasiri, inshaallah, na sarafu kumi tutakwenda nazo.