Kungoja Jibu la Daktari



Mke wa mmoja wetu akikatwa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe kama ni saratani, nyumba nzima hukosa usingizi mpaka jibu lije. Tusimlilie mtu aliye hai: vivimbe vingi vya matiti si saratani. Lakini jibu tulifuate siku ile ile iliyotajwa, maana saratani ikijulikana mapema hutibika vizuri zaidi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Huo ni ugonjwa wake mwenyewe. Wa mke au mama haukutajwa. Basi tudai ruhusa hiyo iandikwe katika mapatano yetu na tajiri. Neno zito lisisikiwe na mgonjwa peke yake.