Mizimu Si Burudani ya Wageni

Ipo desturi katika hoteli za kale: jengo likishazeeka, hutafutiwa mzimu. Huko Uingereza zipo nyumba za wageni zinazojisifia roho ya marehemu kama nyingine zinavyojisifia chakula kizuri. Mgeni hulipa ili aogopeshwe kidogo, na asubuhi hunywa chai akicheka. Hayo ni yao na wafu wao. Ugomvi wangu ni pale desturi hiyo inapohamishiwa kwenye nyumba za pwani yetu zilizojengwa kwa jasho la watumwa. Wafu wa nyumba hizo ni ndugu zetu.

Chukua mfano wa Mambo Msiige, jumba la Shangani, Unguja. Lilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri Mwarabu, na tangu mwaka 2015 limo ndani ya hoteli ya Park Hyatt. Wasimulizi wa mji husema kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa maelfu, na kwamba watumwa walizikwa wangali hai ndani ya kuta zake. Hayo ni masimulizi, nami nayachukua kama masimulizi. Lakini mambo ya jumba hilo yaliyoandikwa husimuliwa mara chache. Misheni ya UMCA ilikaa humo katika miaka ya 1860, kabla halijawa makao ya konseli wa Uingereza. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni hiyo wavulana watano waliotolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Huyo alikuwa na jina, na kazi yake inajulikana. Kwa nini basi mgeni asimuliwe mifupa isiyo na jina, asisimuliwe Swedi?

Sisi wa Lulindi na Masasi jambo hili linatugusa mlangoni. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliowekwa huru, wakashukia Lindi na kutembea kwa miguu hadi Masasi. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, upande wa Ziwa Nyasa. Wakatua Masasi, wakafyeka, wakalima, wakajenga. Makanisa na shule zetu zimeota kutokana na jembe lao. Anayewageuza wenzao waliobaki pwani kuwa vinyamkera vya kutishia watalii, anawachezea jamaa zetu.

Niliwahi kulala katika nyumba moja ya namna hiyo. Mji na nyumba sivitaji. Kijana aliyetupa ufunguo alitunong'oneza kwamba katika chumba cha mwisho husikika mwanamke akilia usiku, naye alikuwa mtumwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, mama huyo alitokea wapi? Nani alimnunua?" Akatabasamu. "Mzee, wageni hawaulizi hayo."

Hapo ndipo penye ubaya. Katika hadithi hizi anayetisha ni aliyeonewa. Aliyemnunua hasikiki akitembea ukumbini usiku. Yeye amebaki mwenye nyumba, na picha yake imetundikwa ukutani katika fremu nzuri. Mzimu hauna kijiji, hauna mama, hauna bei uliyouzwa. Mgeni humwogopa mtumwa usiku mmoja, kisha huondoka bila kumwonea huruma na bila kumhoji mtu yeyote.

Kwetu mzimu haukuwa mchezo. Wazee walimwaga unga wa mtama chini ya mti, wakamwita marehemu kwa jina lake na kumweleza shida za nyumba: mvua, ugonjwa, mtoto anayesafiri. Mimi nimelelewa katika Ukristo wa misheni, wala sitambiki. Hata hivyo naona wazee wale walikuwa na adabu kuliko sisi tuliosoma, maana kwao mfu alibaki kuwa mtu na jamaa.

Najua nitajibiwa. Wataniambia kwamba hadithi huleta wageni, wageni huleta fedha, na vijana wetu wanahitaji kazi. Kweli, njaa haina heshima. Wengine watasema kwamba bila mzimu mgeni asingesikia habari za utumwa kabisa. Nawajibu hivi: mgeni aliyevuka bahari kuja kuona nyumba ya kale ana masikio ya kusikia ukweli. Mwelezeni soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu lililojengwa mahali pake. Mwelezeni msafara wa Lindi hadi Masasi. Akitaka na habari ya mayai na kuta, mpeni, lakini semeni wazi kwamba ndivyo watu wanavyosimulia. Bakshishi haitapungua kwa sababu hiyo.

Nilipofundisha chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo kwamba mwalimu asiyejua jina la mtoto hawezi kumfundisha. Nawaambia vivyo hivyo wenye hoteli na wanaotembeza wageni. Tafuteni majina. Yamo katika vitabu vya misheni na katika vinywa vya wazee waliobaki. Majina yakipatikana, yaandikeni ukutani, mahali ambapo mgeni atayasoma kabla hajapewa ufunguo wa chumba chake.